Mtego wa nzi umelala: soma anga, kisha nusa chambo

Umetundika chupa yenye utumbo wa samaki saa 2 asubuhi. Saa 7 mchana unachungulia: ndani mna nzi wawili, na mmoja amezama kwenye maji ya chambo. Hatua 3 kutoka hapo, juu ya dagaa ulioanika kichanjani, wametapakaa kama pilipili manga kwenye pilau. Unasema mtego ni mbovu. Pengine. Lakini mara nyingi mtego hauna kosa. Kosa ni la saa uliyochagua, la upepo, au la utumbo wenyewe, ambao ama ni mbichi mno ama umekwisha kukauka.

Kwanza tuelewane chupa hiyo inahesabu nini. Haihesabu nzi walioko mtaani. Inahesabu wale walioweza kuruka saa ile, waliokuwa na haja na nyama siku ile, na waliofikiwa na harufu yako kabla ya harufu ya jirani. La kwanza linaamuliwa na hali ya hewa, la pili na chambo, na la tatu wanagombania wote wawili. Mwenye kulijua hilo hatakimbilia kununua mtego wa pili.

Ninaowazungumzia hapa ni nzi wa mizoga. Pwani yetu, kwenye samaki, unayemwona zaidi ni Chrysomya megacephala: mnene, buluu ya kijani inayong'aa, macho mekundu kama aliyelala kwenye moshi. Asili yake ni Asia na visiwa vya Pasifiki, na Afrika aliingia karne ya 20. Ndugu yake mwenyeji, Chrysomya putoria, hugawa mapenzi kati ya mzoga na choo cha shimo. Wapo Lucilia, wadogo kidogo, kijani chenye shaba. Wapo na Sarcophaga, wakubwa wa kijivu, mistari 3 mgongoni na tumbo la madoa kama ubao wa drafti. Nzi wa nyumbani, mwenye mistari 4, naye hujipenyeza, ila yeye ana ladha zake na tutamfikia.

Asubuhi mtupu, au mchana mtupu

Nzi hana moto wa ndani kama kuku. Joto la mwili wake hufuata la hewa na la jua linalompiga, na misuli ya mabawa isipopata joto haifanyi kazi. Chini ya nyuzi 10 hivi wengi wao hawaruki kabisa, na jamii ya Chrysomya, watoto wa nchi za joto, hutaka zaidi ya hapo ndipo wachangamke. Kwa hiyo mtu wa Njombe au Makete anayetundika mtego mwezi wa Julai saa 1 asubuhi, umande ungali kwenye majani, ajue anawategea waliolala. Autundike panapopigwa na jua la asubuhi, na asihukumu kitu kabla ya saa 4.

Pwani ni kinyume chake. Dar es Salaam au Mombasa hata mwezi wa Julai asubuhi haina baridi ya kumzuia nzi kwa muda mrefu. Shida inakuja Januari na Februari, hewa ikikaribia nyuzi 32 kivulini huku mchanga na bati vikiwa na moto wa kupikia. Hapo nzi hujificha chini ya majani, chini ya mashua, ndani ya banda. Siku za namna hiyo mara nyingi utapata vilele viwili, kimoja kabla ya jua la utosi na kingine jua likishaanza kuinama. Ukichungulia saa 7 tu kila siku, utaapa kwamba nzi wamehama.

Chupa yenyewe nayo inapika. Plastiki inayoonyesha, ikikaa juani, ndani huwa na joto kuliko nje. Nzi aliyeingia hufa haraka, sawa, lakini na chambo hukauka kabla ya adhuhuri. Ninapoweka pwani natafuta ukingo wa kivuli: chambo chini kipate ubaridi, juu ya chupa papate mwanga.

Usiku usijisumbue. Nzi hawa ni wa mchana, jua likizama huenda kulala juu ya kamba, vijiti na majani. Ukitaka kujua wapo wangapi hasa, chukua tochi saa 3 usiku uzunguke banda. Kamba moja ya kuanikia nguo inaweza kukueleza mengi kuliko chupa ya siku nzima.

Joto lipo, jua zuri, bado chupa tupu: tazama upepo

Harufu husafiri na upepo, na nzi huifuata kwa kuruka kuukabili upepo huo hadi kwenye chanzo. Kwa hiyo nzi hukujia kutoka upande upepo unakokwenda. Watu wengi hufanya kinyume: huweka mtego upande upepo unakotokea, wakidhani unapuliza nzi kuwaleta. Matokeo yake nzi hukutana na samaki kwanza, na mtego ukiwa nyuma ya samaki hawana haja ya kuufikia.

Pwani ya Tanzania na Kenya hesabu hii ina kanuni na ina mtego ndani yake. Msimu wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, upepo hutoka kusini-mashariki. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Vyote viwili mchana vinatoka baharini, na upepo wa bahari wa kila siku huongezea hapohapo. Maana yake mchana harufu ya kichanja chako inakwenda bara, kwenye nyumba, vyoo na jaa, yaani kwenye makao ya nzi. Mtego uwe upande huo wa bara, kati ya kichanja na mji.

Lakini alfajiri upepo hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi huuita umande na ndio wanaoondokea. Saa hizo harufu ya chambo chako inapelekwa kwa samaki wazima, ambao hawana haja nayo. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na mitego iliyonasa kuanzia saa 5 tu, nikibadilisha chambo kila siku, kabla ya mvuvi mmoja kuniuliza kwa upole kama nimewahi kutazama moshi wa jiko unaelekea wapi. Tangu siku hiyo kabla ya kugusa chambo huwa nawasha kipande cha kifuu nikautazama moshi wake.

Nguvu ya upepo nayo ina kipimo. Upepo mwanana hubeba harufu kama uzi mrefu. Upepo wa kusi wa alasiri, ule unaotikisa makuti mpaka yanalia, huukatakata uzi huo vipande vipande, na nzi mwenyewe hushindwa kuruka akakaa chini. Ukikosa upepo kabisa, harufu huganda palepale na ni walio karibu tu watakaokuja. Kama eneo lako lina upepo mkali, shusha mtego ufike kimo cha kiuno au chini yake, nyuma ya ua au kichaka, ambako upepo umepungua.

Mtego unanasa wachache, lakini samaki wanatoka funza

Dalili hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, na ndiyo inayowatia hasara. Huja wakati wa masika. Mawingu, manyunyu, jua linachungulia na kurudi. Unatazama mtego: nzi wachache mno kuliko wa mwezi wa Februari. Unajipongeza. Siku ya pili unageuza dagaa, chini yao mna funza wanaotambaa.

Mtego haujakudanganya. Kwenye mawingu na manyunyu nzi huruka kidogo kweli, na mvua kubwa inawasimamisha kabisa. Ila usisahau kwamba uharibifu wa samaki hautegemei sana nzi ni wangapi. Unategemea samaki amekaa na maji kwa saa ngapi. Jike mmoja wa Chrysomya megacephala hutaga mayai kati ya 200 na 300 kwa mkupuo mmoja. Nzi watano waliopita katika nafasi ya nusu saa ya jua wanatosha kuijaza funza sehemu nzima ya kichanja. Mayai hayo, kwa joto la pwani, huanguliwa chini ya siku moja. Siku ya jua kali dagaa mdogo amekwisha kukakamaa jioni. Mayai yamekaukia juu yake, na funza aliyeanguliwa hana pa kutoboa. Siku ya mawingu dagaa huyohuyo analala mbichi, na asubuhi funza wameshaingia kwenye mashavu, mdomoni, tumboni, na pale samaki wawili walipogusana.

Kuna na sababu ya pili, nayo ndiyo inayoushusha mtego zaidi ya wingu lenyewe. Siku ya jua, kufikia saa 6 samaki wote wamekauka juu na vumba limepungua. Utumbo ndani ya chupa yako ndio kitu pekee kilicholowa eneo zima, lazima nzi wauendee. Siku ya mawingu kichanja chote kimelowa. Una mikono miwili ya utumbo ndani ya chupa inayoshindana na magunia ya samaki. Hata wewe ungekuwa nzi usingeingia kwenye chupa.

Kwa hiyo, masika, usiongeze mitego. Punguza saa za maji. Inua kichanja, anika kwa utandazo mwembamba, geuza mara kwa mara, pasua na safisha samaki wakubwa, tia chumvi. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wale wanaonunuliwa na wafanyabiashara na kupelekwa hadi Kongo. Kuchemsha huko kunampa samaki mwanzo mzuri ambao mbichi hana. Manyunyu yakianza funika kwa turubai, lakini usiwarundike: lundo la dagaa waliolowa chini ya plastiki lina joto na unyevu ambao funza angeuomba kwa dua. Mvua ikishika siku mbili, hamia kwenye moshi au mafuta. Hakuna mtego utakaokuokoa hapo.

Chandarua kinasaidia, kwa sharti moja. Mwaka 1668 Mwitaliano Francesco Redi aliweka nyama kwenye vyombo, vingine wazi na vingine amefunika kwa kitambaa chepesi, akaonyesha kwamba funza hawazaliwi na nyama bali na nzi. Kwenye vyombo vilivyofunikwa nzi walijaa juu ya kitambaa wakiifuata harufu iliyopenya. Nzi wa kichanjani hufanya vivyo hivyo, na yule wa kijivu, Sarcophaga, ni mjanja zaidi: hatagi mayai, huzaa funza walio hai, na anaweza kuwaangusha kwenye matundu ya wavu. Chandarua kikigusa samaki ni sawa na kutofunika. Kiinue kwa miti, kiwe na nafasi ya kiganja au zaidi kutoka kwa samaki.

Na wale wanaonyunyizia samaki dawa ya wadudu ili nzi wakimbie: hicho ni chakula cha watu. Sitalizungusha neno hilo.

Jana chambo kilifanya kazi, leo hakifanyi

Chambo kina umri kama maziwa. Utumbo uliotoka kwa samaki sasa hivi una shombo tu. Nzi wachache wenye pua kali watakuja, wengine bado. Si kwamba hawawezi kunusa kitu kibichi. Song Ci, hakimu wa China aliyeandika mwaka 1247, alisimulia mauaji yaliyofanywa kwa mundu: wanakijiji wakaamriwa waweke miundu yao chini, na nzi wakatua kwenye mmoja tu, uliokuwa na mabaki ya damu yasiyoonekana kwa macho. Lakini kuijaza chupa kunahitaji zaidi ya damu. Kunahitaji uvundo, hasa zile gesi zenye salfa ambazo vijidudu hutoa vinapoila nyama, ile harufu inayokufanya ugeuze uso kabla hujajua kwa nini.

Kwa joto la pwani utumbo wa samaki hufikia ubora wake kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwenye nyanda za juu huchelewa, na mwanafunzi wa Lushoto asilinganishe chambo chake cha siku ya 2 na cha mwenzake wa Tanga, maana si kitu kimoja. Joto hufanya kazi mbili hapa, kuozesha na kurusha harufu hewani. Lipo ua kubwa la Sumatra, Amorphophallus titanum, linalonuka mzoga ili kuwadanganya wadudu wachavushaji, na linapochanua hujipasha moto lenyewe hadi karibu nyuzi 36 ili uvundo upande. Ua limejua siri ambayo wengi wetu tunaisahau tunapotundika chupa penye ubaridi.

Baada ya siku ya 4 au ya 5 mambo matatu hutokea, na kila moja lina dawa yake. Chambo kimeunda gamba gumu juu: harufu imefungiwa ndani, livunje gamba kwa kijiti na unyunyize maji kidogo. Chambo kimezama kwenye maji ya mvua: kimebadilika kuwa mchuzi mchachu, nao huvuta wadudu wengine, mwaga, weka kipya, na chupa ipewe kofia. Au kimekwisha kabisa, kimebaki magamba na miiba, na badala ya nzi unaona mbawakawa wadogo weusi wa jamii ya Dermestes, walewale wanaotoboa papa mkavu ghalani. Hapo hakuna cha kufufua.

Kabla ya kulaumu umri, hakikisha hakijaliwa. Sisimizi hubeba mayai na vipande vya nyama usiku kucha bila kelele. Paka grisi kwenye kamba inayoning'iniza mtego. Paka wa mtaani unawajua. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ongeza kunguru, ambaye akishajifunza chupa yako ina nini hatasahau. Mimi hufunga chambo ndani ya kipande cha wavu wa nyavu za zamani, kisha kwenye chupa.

Kitu kingine kinachochosha chambo hakimo ndani ya chupa. Nilimlalamikia bibi mmoja mwanikaji wa samaki kwamba mtego wangu ulikuwa hodari sana mpaka Ijumaa ile, ndipo ukafa ghafla.

"Shikamoo bibi. Hivi nzi wamekwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hawakwenda popote. Alhamisi walipasua papa pale nyuma, utumbo wakaufukia kwa mchanga wa kutia aibu. Wewe una kikombe, pale kuna karamu."

Nilikwenda nyuma nikakuta hivyo alivyosema. Lundo la utumbo, mzoga wa mbwa barabarani, ngozi na matumbo baada ya Idi ya kuchinja: kimoja kati ya hivi hunyonya nzi wote wa mtaa. Mtego uliopungua ghafla bila anga kubadilika, zunguka hatua 100 kila upande kwa pua yako.

Umenasa wengi, lakini si wale uliowataka

Chukua kijiti uwatandaze juu ya karatasi. Wakiwa wengi ni wa mistari 4, nzi wa nyumbani, basi chambo chako kina utamu au kinyesi kuliko nyama, au uko karibu na banda la ng'ombe. Yeye huvutwa na vitu vinavyochacha, matunda, hamira, molasi, samadi mbichi. Wakiwa vijinzi vidogo vya matunda, kimechacha kabisa.

Nyama na samaki huvuta nzi wa mizoga, na wengi wa utakaowanasa watakuwa majike. Sababu ni tumbo. Dume na jike wote wanahitaji sukari kwa nguvu za kuruka, lakini jike anahitaji protini ili mayai yakomae, kisha anahitaji nyama yenye unyevu ya kutagia. Kwa hiyo anaijia nyama mara mbili, kwanza kula na baadaye kuzaa. Ukitega kwa embe bovu utapata picha nyingine kabisa ya nzi walewale wa mtaa mmoja. Wala usichanganye maembe na utumbo ukidhani utavuta wote. Mara nyingi mchachuko hufunika uvundo, na unapata hasara ya pande mbili.

Utumbo wa samaki, maini ya kuku na maini ya ng'ombe vyote hufanya kazi. Kwa Chrysomya megacephala samaki ndiye chaguo langu la kwanza, na kwa wenye kufanya utafiti maini yana faida ya kukatika vipande vinavyolingana uzito. Choo cha shimo kikiwa karibu, tarajia Chrysomya putoria wengi hata chambo kikiwa bora. Hao wanazaliwa humohumo shimoni, na suluhisho lao ni kifuniko na wavu kwenye bomba la hewa.

Mtu mwenye mbuzi au ng'ombe mwenye kidonda chenye funza asitegemee mtego wa utumbo kumlinda. Yupo nzi anayeitwa Chrysomya bezziana ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai, na mzoga hauhitaji. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Huyu hafi, anazaa. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Wanazunguka chupa, hawaingii

Hili ni fupi. Nzi huingia gizani akifuata harufu, na hutoka akifuata mwanga. Sehemu ya chini ya chupa iwe na giza, ipake rangi nyeusi au ifunge kwa nailoni, tundu la kuingilia liwe huko chini na lielekee ndani kama faneli. Juu pawe peupe. Akishashiba ataruka juu kwenye mwanga na hatarudi kwenye tundu. Kama chini panang'aa sawa na juu, anatoka alipoingilia. Kama harufu inatoka juu kwa nyufa za kifuniko, anatua juu na kuzunguka huko siku nzima. Ziba nyufa.

Mvua imekwisha, na wiki ya pili wamefurika

Watu husema mvua imeleta nzi. Imeleta kweli, ila kwa mkopo. Kwa joto la pwani Chrysomya huhitaji kama siku 10 hivi kutoka yai hadi nzi mzima, zaidi kidogo kukiwa na ubaridi. Jaa lililolowa tarehe 1 linakulipa nzi kuanzia tarehe 11 na kuendelea, anga likiwa safi, jua zuri, upepo mwanana, kila kitu kikiwafaa kuruka. Kwa hiyo ukiona mafuriko hayo usitafute chanzo cha leo. Jiulize ni nini kililowa wiki iliyopita na ile iliyotangulia: gunia la vichwa vya samaki nyuma ya banda, kuku aliyekufa akatupwa kichakani, shimo la machinjio lililofurika.

Na hesabu hiyo inasaidia mbele pia. Masika yakianza kukatika, una kama wiki moja ya kusafisha kabla hawajatoka. Hakuna chambo kinachofanya kazi kwa bei hiyo.

Hapa ndipo daftari linapolipa. Andika vitu vinne tu kila unapochungulia: saa, anga (jua, mawingu, mvua), upepo unaelekea wapi, na umri wa chambo kwa siku. Ukiwa na mitego miwili, ibadilishane mahali kila siku, la sivyo utadhani chambo A kinashinda kumbe ni mti uliokitundikia. Usibadilishe chambo na mahali siku moja. Na usilinganishe hesabu ya siku ya mawingu na ya siku ya jua kana kwamba umehesabu mtaa, umehesabu hewa.

Mtego wenyewe umezaa

Siku ya 5 unaona chambo kinatikisika. Funza wa Chrysomya kwa joto la pwani hula kwa muda wa siku 4 au 5, kisha huacha chakula na kutambaa kutafuta pakavu pa kujifukia na kugeuka pupa, yaani ganda gumu ambamo funza hugeuka nzi. Chupa isiyomwagwa kwa wakati huo inakuwa kiwanda, na watoto wake watatua kwenye dagaa wako. Badilisha chambo siku ya 4 pwani, hata kama bado kinanasa vizuri. Milimani unaweza kwenda hadi wiki, ila funua utazame.

Kufukia peke yake hakutoshi. Nzi anayetoka kwenye pupa ana kifuko kwenye paji la uso anachokivimbisha kusukuma udongo, na mchanga laini wa pwani hautamzuia sana. Mimina kwanza maji yanayochemka juu ya chambo na funza wote, au yafunge yote kwenye mfuko mweusi wa nailoni usio na tundu, ulaze juani kwenye bati kutwa nzima. Wakishakufa, ndipo uchimbe shimo.